UZI: Mbolea ya ruzuku kwenye kaunti za mahindi Kenya – pesa zinapita wapi, na mfuko unakwama wapi kabla ya kukufikia

Gunia90

Wadau wa kilimo, mvua ndefu zikikaribia maswali huwa ni yale yale. Jirani amepata SMS ya vocha, yaani kibali cha kununua mbolea kwa bei ya ruzuku, mimi sijapata. Nina ekari nne lakini nimepewa mifuko ya ekari moja na nusu. Depo, kwenye ghala la kuchukulia mbolea, wanasema jina halipo. Tuyajibu hapa pamoja, hasa kwa wanaolima mahindi Trans Nzoia, Uasin Gishu, Bungoma na Nandi. Naanza na pesa, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoelewa vibaya.

Ruzuku hii haimfikii mkulima ikiwa pesa taslimu. Inakaa ndani ya bei ya mfuko. Serikali ya kitaifa hubeba tofauti kati ya gharama ya kuileta mbolea na bei unayolipa wewe, na tofauti hiyo huwaendea wanaoileta na kuisambaza. Mpango ulipozinduliwa Septemba 2022, mfuko wa kilo 50 uliokuwa umefika karibu shilingi 6,500 madukani ulishushwa hadi 3,500. Agosti 2023 ukashushwa tena hadi 2,500. Kwa hiyo ruzuku yako ni mifuko uliyobeba ikafika shambani, basi. Vocha ambayo hukuikomboa haikukupa chochote, hata kama kwenye takwimu unahesabiwa kuwa mkulima aliyesajiliwa.

Jambo lingine ni nani anahusika na nini. Kilimo kiligatuliwa na Katiba ya 2010, lakini mpango huu ni wa Nairobi. Daftari la wakulima liko kwenye mfumo wa KIAMIS wa Wizara ya Kilimo. Mifuko iko kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka na Mazao, yaani NCPB, na kwenye vituo vya karibu kama vyama vya ushirika. Kaunti inaingia kupitia maafisa wa kilimo wa wadi, na kupitia usafiri au maghala pale ambapo serikali ya kaunti imeamua kusaidia. Ukimpelekea MCA, mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, shida ya jina kutoonekana kwenye mfumo utapoteza asubuhi yako. Mlango wa kwanza ni chifu au naibu wake, maana huko ndiko uandikishaji ulikofanyika.

Hati_na_Sajili

Umesema kweli. Naongezea kuhusu daftari, kwa sababu makosa mengi yanayoonekana depo yalifanyika siku ya kuandikishwa.

Kosa kubwa kuliko yote ni kipimo cha shamba. Hatimiliki zetu zimeandikwa kwa hekta. Watu wanazungumza kwa ekari. Mzee anatoa hati, karani anasoma 0.8, anaandika 0.8 kwenye nafasi ya ekari. Shamba hilo ni karibu ekari 2 kamili, kwa kuwa hekta moja ni ekari 2.47. Mfumo hugawa mifuko kwa kufuata ekari na zao, kwa hiyo mzee huyo atapata chini ya nusu ya mgao wake kila msimu, na hakuna mtu depo anayeweza kulirekebisha kwa sababu mbele yao ekari 0.8 ni ekari 0.8. Kabla ya kwenda kwa chifu, zidisha hekta kwa 2.47, andika jibu kwenye karatasi, halafu mtajie ekari. Na wenye ploti za 50 kwa 100: hiyo ni futi za mraba 5,000, sawa na pointi moja na kidogo (pointi ni sehemu moja ya kumi ya ekari), yaani ekari 0.11. Ploti tisa za namna hiyo ndizo zinazofika ekari moja.

Kosa la pili ni namba ya simu. Vocha inafuata namba iliyoandikwa, haikufuati wewe. Wazee wengi waliandikisha namba ya kijana wao aliyekuwa nyumbani siku hiyo. Kijana akienda Nairobi au akibadilisha laini, ujumbe unaenda huko huko. Hakikisha laini imesajiliwa kwa kitambulisho kile kile kilicho kwenye daftari. Ukibadilisha laini, nenda ukabadilishiwe pia kwenye KIAMIS kupitia kwa chifu au afisa wa kilimo wa wadi. Usingoje Machi, wakati foleni imejaa.

La tatu ni mashamba ya kukodi. Anayestahili mbolea ni anayelima, lakini mwenye shamba naye huwa ameliandikisha shamba hilo hilo kama lake. Ekari tatu zikitajwa na watu wawili, mmoja wenu atakwama wakati wa uhakiki wa kijiji. Makubaliano ya kukodi yawe kwenye maandishi, yataje ekari na msimu, na mwenye shamba aondoe ekari hizo kwenye hesabu yake. Kwa shamba ambalo bado liko kwa jina la marehemu, usiandikishe kitambulisho cha marehemu. Andikisha jina la anayelima. Daftari hili linaorodhesha wakulima, halihamishi umiliki wa ardhi.

Pointi_Tano

Samahani, kuna wanaoogopa kutaja ekari zote wakidhani zitatumika kutoza kodi. Wengine nao wanaongeza. Nini kinatokea?

Hati_na_Sajili

Anayepunguza anajinyima mwenyewe, hakuna mwingine anayeumia. Anayeongeza anawaumiza majirani, kwa sababu shehena inayoletwa depo ina mwisho wake. Ukitaja ekari kumi na kijiji kizima kinajua una mbili, naibu chifu anaweza kukataa. Na usitaje ekari zote kuwa za mahindi ikiwa nusu ni chai au malisho. Zao ndilo linaloamua aina ya mbolea utakayopangiwa.

Udongo_Kwanza

Sasa tuingie ndani ya mfuko wenyewe. Watu wanafurahia bei moja ya 2,500 wakasahau kwamba kilichomo hakilingani. Namba zilizo kwenye mfuko ni asilimia ya naitrojeni, fosfeti na potashi, kwa mpangilio huo. Kwenye kilo 50, gawa kila namba kwa mbili upate kilo.

DAP, 18-46-0: kilo 9 za naitrojeni na 23 za fosfeti.
NPK 23-23-0: kilo 11.5 na 11.5.
NPK 17-17-17: kilo 8.5 za kila kimoja.
CAN ya asilimia 26: kilo 13 za naitrojeni tu.
Urea, 46-0-0: kilo 23 za naitrojeni.

Angalia mbolea za kukuzia, zile zinazowekwa mahindi yakishaota, yaani CAN na urea. Kwa bei ile ile ya 2,500, kilo moja ya naitrojeni kwenye CAN inakugharimu karibu shilingi 192. Kwenye urea ni karibu 109. Ili upate naitrojeni ya mfuko mmoja wa urea utahitaji karibu mfuko mmoja na robo tatu wa CAN, yaani zaidi ya shilingi 4,400. Mkulima mwenye pesa za mfuko mmoja tu akipewa nafasi ya kuchagua anapaswa kujua hesabu hii kabla hajafika dirishani.

Lakini urea ina masharti. Ukiimwaga juu ya udongo ukaiacha wazi, sehemu yake inapaa hewani ikiwa amonia. Iweke udongo ukiwa na unyevu, sentimita kama 10 kutoka shina, uifukie. Kama huna watu wa kufukia, au mvua zimekatika, CAN ni salama zaidi ingawa ni ghali kwa kilo ya naitrojeni.

Gunia90

Swali linalokuja kila mwaka: mfuko mmoja wa kupandia unatosha ekari moja?

Udongo_Kwanza

Hutegemea unavyopima kwenye shimo. Nafasi ya sentimita 75 kwa 25, mbegu moja kila shimo, inakupa mashimo karibu 21,500 kwa ekari. Mfuko wa kilo 50 ukiugawa humo, kila shimo linapata gramu 2.3. Sasa mashambani kipimo ni kifuniko cha soda, na kifuniko kilichosawazishwa hubeba karibu gramu 5. Kwa kipimo hicho ekari moja inakula zaidi ya kilo 100, yaani mifuko miwili na zaidi. Hii ndiyo sababu mtu mwenye mfuko mmoja anajikuta amemaliza mbolea katikati ya shamba, na nusu ya pili inapandwa bila kitu. Kisha mahindi yakitoka ya aina mbili, lawama zinaenda kwa mbolea.

Amua kabla ya kuanza. Kama una mfuko mmoja kwa ekari, nusu kifuniko kwa kila shimo shamba zima. Fanya jaribio la mistari kumi: pima kilo moja, wape wanaopanda, hesabu imefika mashimo mangapi. Inapaswa kufika karibu 430. Ikiishia mashimo 200, mikono inatoa kifuniko kizima, warekebishe hapo hapo. Na funika mbolea kwa udongo kidogo kabla ya kuweka mbegu. DAP ikigusana na mbegu huiunguza, na siku ya kiangazi kifupi baada ya kupanda utaona mapengo.

Chokaa_Kwanza

Naomba niliseme hili kwa uzito: kuna mashamba Trans Nzoia na Uasin Gishu ambayo ruzuku ya DAP haiyafaidi tena kama zamani, kwa sababu udongo una asidi nyingi. Miaka ya kuweka DAP mfululizo na kuvuna kila kitu mpaka mabua imeshusha pH. Ikiwa chini ya 5.5, alumini kwenye udongo hushika fosforasi na mzizi hauipati. Unalipia kilo 23 za fosfeti, mmea unaonja sehemu ndogo. Dalili yake ni mahindi machanga yenye majani ya zambarau pembeni hata kama uliweka DAP ya kutosha.

Wengine wanashauri kuhamia 23-23-0. Hiyo haiondoi asidi. Inayoondoa ni chokaa ya kilimo, inayomwagwa shamba zima na kulimiwa ndani mapema, mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda. Kiasi kinategemea kipimo cha udongo, usikisie kwa jicho. Usichanganye chokaa na DAP, CAN au urea mkononi au kwenye ndoo moja, maana sehemu ya naitrojeni inaweza kutoroka ikiwa amonia. Kupima udongo kwenye maabara kunagharimu kidogo kuliko mfuko uliopotea, na sampuli ni rahisi: chota sehemu 10 hadi 15 shambani kwa kupita zigizaga, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi, chukua nusu kilo. Epuka mahali pa boma la zamani, kichuguu na kando ya ua.

Mezani_na_Mizani

Kuhusu depo. Nenda na kitambulisho halisi na simu yenye ujumbe wenyewe; picha ya ujumbe kwenye simu ya mtu mwingine haisaidii. Mfumo ukikubali, unalipa kwa M-Pesa kwa namba ya malipo ya taasisi, kamwe usilipe kwenye namba ya mtu binafsi. Chukua risiti yenye idadi ya mifuko. Ukiwa hapo hapo, kabla ya gari kuondoka, fanya mambo matatu.

Pima. Mfuko usiofika kilo 50 urudishwe siku hiyo, kwa sababu kesho hakuna atakayeamini haukufunguliwa nyumbani. Angalia mshono wa mdomo: uzi wa kiwandani ni wa aina moja kutoka mwanzo hadi mwisho, mfuko uliofunguliwa na kushonwa tena una matundu mawili mawili, ya sindano ya kwanza na ya pili. Kisha soma maandishi: namba za virutubisho, uzito, alama ya ubora ya KEBS (shirika la viwango la Kenya), namba ya shehena. Mfuko usio na namba tatu za virutubisho usiupokee kama mbolea ya kupandia, hata mhudumu aseme nini.

Haya si mambo ya kudhania. Mwaka 2024 mifuko isiyofikia viwango iligunduliwa ndani ya mpango huu huu. Waziri wa Kilimo wakati huo, Mithika Linturi, alipigiwa kura ya kuondolewa na Bunge la Taifa mwanzoni mwa Mei, kisha kamati teule ya wabunge ikaona tuhuma hazikuthibitishwa. Serikali iliahidi kuwafidia waliouziwa. Aliyekuwa na risiti na mfuko wenyewe alikuwa na pa kuanzia kudai.

Pointi_Tano

Kuna njia ya kujaribu nyumbani?

Mezani_na_Mizani

Zipo za kushuku, za kuthibitisha ni maabara tu. Urea: weka kijiko kwenye glasi ya maji ukoroge. Inayeyuka yote na glasi inakuwa baridi mkononi. Ikibaki mchanga chini, kuna tatizo. CAN: huacha unga mweupe chini na ni kawaida, kwa sababu ina chokaa ndani. Tone la siki au ndimu juu ya punje zake linapaswa kutoa povu. DAP: saga punje chache na majivu au chokaa kwenye kiganja, harufu kali ya amonia itoke. Mawe yaliyopakwa rangi hayatoi harufu yoyote.

Ukishuku, usitumie mifuko yote. Toa nusu kilo mbele ya mashahidi wawili, funga kwenye mfuko safi wa plastiki, andika tarehe na namba ya shehena, weka pamoja na risiti. Kisha toa taarifa kwa afisa wa kilimo wa wadi na KEBS. Wasipopata sampuli hawana la kufanya.

Boda_ya_Mlimani

Mnasahau usafiri. Mfuko ni 2,500 depo, si nyumbani.

Gunia90

Kweli, na hili ndilo linalowatoa wakulima wadogo kwenye mpango kimyakimya. Hesabu rahisi: nauli yako kwenda na kurudi, jumlisha boda ya mizigo, gawa kwa idadi ya mifuko. Mtu wa pointi tano anayefuata mfuko mmoja kilomita 40 anabeba gharama yote kwenye mfuko huo mmoja. Akienda akakuta mbolea ya kupandia imekwisha, akaambiwa arudi wiki ijayo, gharama imekuwa mara mbili. Hapo ndipo dalali aliyesimama nje ya geti anamwambia, nipe vocha yako nikupe mia tano uende nyumbani. Ukishampa, mfumo unaandika kwamba umeshapokea, na msimu huo huna tena pa kudai.

Kinachofanya kazi ni kuungana. Watu kumi hadi kumi na tano wa kijiji kimoja, vocha za depo moja, pikapu moja. Pikapu ya tani moja inabeba mifuko 20. Mmoja apige simu depo au amuulize afisa wa wadi asubuhi hiyo hiyo kama aina mnayotaka ipo, kisha wote wasafiri pamoja, kwa sababu kila mmoja anahitajika na kitambulisho chake. Mkiwa chama cha ushirika kilichosajiliwa, ombeni kwa maandishi kituo cha karibu kifunguliwe kwenu. Mtahitaji kuonyesha ghala lenye sakafu kavu, mlango wa kufunga na mtu wa kuweka kumbukumbu.

Hati_na_Sajili

Naweka pia la uwajibikaji, kwa sababu ndilo linalohusu pesa za umma moja kwa moja. Kutangaza kwamba wakulima wa kaunti fulani "wamenufaika" hakutuambii kitu. Takwimu tatu ndizo zinazosema ukweli, zote kwa depo moja na kwa mwezi mmoja: mifuko iliyoingia kwa kila aina, vocha zilizotumwa, na vocha zilizokombolewa. Vocha 9,000 zikitumwa na mifuko 4,000 ikaingia, hakuna foleni wala mpangilio utakaowafikia waliobaki. Zilizokombolewa zikizidi mifuko iliyoingia, mkaguzi aitwe.

Takwimu hizi unaweza kuziomba. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki hiyo, na ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Barua iwe fupi: taja depo, taja miezi, taja aina za mbolea, taja kwamba unataka jumla tu. Usiombe majina na namba za simu za wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazilinda, na ombi lako lote linaweza kukataliwa kwa kisingizio hicho. Wasipojibu, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ndiyo inayosimamia sheria hiyo. Bakiza nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, kwa sababu siku 21 zinahesabiwa kutoka muhuri huo.

Pointi_Tano

Na mbolea ya kukuzia ikifika kabla ya wakati, au ikibaki?

Udongo_Kwanza

Ichukue ikiwa ipo, usingoje Mei depo iwe tupu. Iweke juu ya mbao, si kwenye sakafu ya simenti wala ardhi, mbali na ukuta, mdomo umefungwa. Urea na CAN hunyonya unyevu na kuwa jiwe. Ikishakuwa jiwe bado ina naitrojeni yake, iponde na uitumie, ila kipimo cha kifuniko hakifanyi kazi tena, itabidi upime kwa mizani. CAN iwe mbali na moto, dizeli na majani makavu. Kukuzia kwenyewe ni mahindi yakifika magotini, karibu wiki ya nne hadi ya sita, baada ya palizi. Ukikuzia kabla ya kupalilia unalisha magugu.